Dada Leonsia na Wadudu wa Pasiansi

Siku wanawake wa mtaa walipokuja kumtoa dada yangu Leonsia kwa tuhuma za uchawi, walimkuta jikoni anakaanga ushahidi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mwaka tisini na tano shemeji yangu Rwekaza alipata kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara. Enzi hizo kila mwenye mtaji alikuwa anafungua kitu Mwanza. Wakahama Bukoba na mtoto wao Severine, wakapanga nyumba Pasiansi, imebanwa katikati ya mawe.

Dada alikuwa msomi. Sisi Wahaya, msomi humuulizi. Atakwambia.

Jioni ya kwanza wingu likainuka ziwani. Akadhani moshi.

Kumbe wadudu. Wadogo kuliko mbu, wakaingia puani, kitandani, hadi kwenye sufuria ya ndizi.

Akamwaga sufuria nzima.

"Mbona unamwaga chakula, dada?" Mama Maige, jirani wa ukuta mmoja, akamuuliza. "Hao unawaengua tu, unakula."

"Kwetu hatuli wadudu."

Kauli hiyo ilifika bombani kabla yake.

Giza lilipoingia, kitu kikalia juu ya mawe. Kilianza kama mlango unaokwaruza, kikaishia kama mtoto anayekabwa.

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, dada akatangaza: "Mtaa huu una mchawi. Na anakaa kule juu kwenye mawe."

Kule juu alikaa mtu mmoja tu. Bibi Kija, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Usukumani neno hilo halikuwa mzaha. Vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho tu.

Bibi Kija akatua ndoo yake.

"Ni pimbi, mwanangu, kanyama ka mawe," akasema. "Anaita wenzake."

Watu wakacheka. Dada akaondoka na ndoo nusu, na hakuomba radhi.

Ikaja Novemba na mvua zake. Alfajiri moja dada akachungulia dirishani, akaona senene, wale panzi tunaokaanga kwetu, wamejaa chini ya taa ya barabarani.

Tangu ahamie hakuwahi kufurahi hivyo. Akatoka na ndoo, peku, kanga kifuani, anakamata huku anaimba Kihaya.

Mama Maige alikuwa anawahi dagaa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia. Alichoona yeye ni mwanamke peke yake kizani, anadaka vitu hewani na kunong'ona lugha isiyojulikana.

Muda wa chai wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mama Severine, toka. Tuambie ulikuwa unamroga nani."

Akatoka na kikaango mkononi. "Ni senene. Chakula."

"Si ulisema kwenu hamli wadudu?"

Msomi akatazama kikaango.

"Hawa si wadudu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hawa ni senene."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema waitwe sungusungu, walinzi wa mtaa. Mtoto Severine akaanza kulia ndani. Shemeji alikuwa kiwandani.

Ndipo Bibi Kija akapenya katikati yao. Akachukua senene mmoja, akatia mdomoni, akatafuna taratibu huku watu wote wanamtazama.

"Chumvi imepungua," akasema, akaketi kizingitini. "Niongezee."

Mkutano ukavunjika wenyewe. Nani angekaa kubishana na mtu anayekula?

Dada akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Tangu siku hiyo kila senene wakianguka, dada alimpelekea bibi bakuli limejaa. Misimu mitatu. Wa nne, bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, usiniletee tena. Vitu vyako vibaya sana. Siku ile nilitema nyuma ya nyumba."

Dada akaweka bakuli chini. "Sasa kwa nini ulikula, bibi?"

"Wangeanza na wewe," Bibi Kija akasema. "Halafu wangepanda kwangu."

Ndugu msomaji, ukihamia ugenini usihangaike na wadudu. Hao utawazoea. Wahi kumwamkia jirani, maana hujui ni lini atalazimika kutafuna kitu kwa ajili yako.