Maharagi ya Godelive

Godelive aliingia katika parsele yetu ya Nyalukemba, hapa Bukavu, mwezi wa kwanza, na begi mbili, sufuria moja, na mbabula ndogo, jiko la makaa, ambayo mtu angefikiri ni ya kuchezea watoto. Hakusindikizwa na mtu. Mama wa miaka hamsini na kitu, anatoka upande wa Mwenga, bila bwana, bila mtoto, bila hata ndugu wa kumbebea begi ya pili. Mimi nilikuwa ninafua uani. Nikajiambia: huyu nitamwangalia.

Nina watoto wanne, na baba yao hana kazi tangu mwaka jana. Mama wa namna hiyo anaangalia kila kitu. Parsele ya Papa Donatien, anayetupangisha, ina vyumba vitano na ua mmoja. Mlango wa Godelive na mlango wangu inatazamana, nguo zetu zinakauka kwenye kamba moja. Kama anakohoa, ninasikia.

Kitu cha kwanza nilichoona ni taka zake. Kila posho, yaani Jumamosi, sisi wote tunatoa mfuko wa taka mbele ya lango: maganda ya ndizi, majivu, mabaki ya mboga ya sombe. Mfuko wangu ninaubeba kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anatoa kitu cha kujaa kiganja. Nikajiuliza, mtu anayekula bila kuacha taka, anakula nini?

Kitu cha pili ni sufuria yake. Anaweka maharagi motoni mardi, siku ya Jumanne, halafu merkredi, Jumatano, anachemsha sufuria ile ile asubuhi na jioni, na jeudi vilevile. Hapiki kipya. Ikishachemka anaifunika, haingizi kijiko, haifungui tena mpaka wakati mwingine wa moto. Na dirishani kwake kulikuwa na vifurushi vidogo vimefungwa kwa uzi, vyeusi, vikavu. Nilivihesabu: saba.

Siku moja nilimkuta kwenye soko ya Nyawera, saa kumi na moja, wakati wauzaji wanaanza kukunja mahema. Yeye hufika saa hiyo kila mara, kwa sababu jioni mboga imelegea na bei imelegea nayo. Nilisimama nyuma ya mama wa viazi ili asinione.

"Maman, chukua hii shu, ni ya mwisho," muuzaji alimwambia. Shu ndiyo kabichi.

"Shu nzima nitaikula na nani? Nikatie nusu."

"Nusu! Hapa si pharmacie, maman. Kule ndiko banauzaka kidonge kimoja kimoja."

"Basi ungojee kidogo." Godelive akageuka, akaita watu waliokuwa wanapita kama vile anauza yeye: "Nani anataka nusu ya shu? Nusu yako, nusu yangu!"

Mama mmoja akasimama, wakakata, wakagawana, kila mmoja akaenda zake. Hata majina hawakuulizana. Muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Kugawana chakula na mtu usiyemjua ni jambo ambalo sisi tunaliogopa.

Tunaliogopa kwa sababu ya karuho. Ni sumu ambayo watu wa hapa wanasema inawekwa katika chakula ao kinywaji, na haiui siku ile. Inakula mtu polepole, anakonda, anakohoa, mpaka mwisho. Kama ipo kweli ao haipo, mimi siwezi kusema. Lakini hakuna nyumba hapa ambamo haijatajwa. Ndiyo maana anayekupa chakula anaonja mbele yako kwanza. Hata shemeji anaonja. Hata mama mzazi, kama ana adabu, anaonja.

Basi merkredi moja ya mwezi wa tatu, saa sita, Godelive alibisha kwangu na bakuli imefunikwa na sahani.

"Bonjour, Maman Tatiana."

"Bonjour, maman. Iko nini?"

"Maharagi. Maharagi ya sahani moja na ya sahani ine inakula makala sawasawa, kwa hiyo ninapikaka ya siku mingi. Lakini wiki hii nimepita kipimo, sitaweza kumaliza. Itaoza bure. Kula na batoto."

"Aksanti sana." Nilipokea. Nilitoa sahani ya juu. Yalinukia mawese na kitunguu. Nikamletea kijiko. "Onja basi, maman."

Akaangalia kijiko. Akaangalia bakuli.

"Leo siwezi kuonja."

"Juu ya nini?"

"Leo tu siwezi. We kula, hakuna kitu." Akarudi kwake, akafunga mlango.

Nilibaki na kijiko mkononi. Tatiana, mkubwa wangu, tayari alikuwa amesogea na sahani yake. Nilimpiga mkono. "Anayegusa haya, nitamkuta." Siku ile tulikuwa na bugali na chumvi tu, na watoto walikula wakigeuza shingo kuangalia bakuli ile kwenye kona, karibu na mbabula. Sikuitupa. Niliitaka kama ushahidi.

Jeudi nilienda kwa Papa Donatien, mwenye parsele, nikamweleza yote: taka, vifurushi saba, kuchemsha siku tatu, kukataa kuonja. Alisikiliza huku anajikuna ndevu.

"Umesema na nani mwingine?"

"Na Maman Aganze tu."

"Basi Bukavu nzima inajua," alisema. "Kesho asubuhi, wote uani. Ulete ile bakuli."

Vendredi asubuhi kila mtu alisimama mbele ya mlango wake. Maman Aganze wa chumba cha kwanza alikuwa amevaa kikwembe kizuri kama mtu wa kwenda harusini. Niliweka bakuli juu ya kiti katikati ya ua, bado imefunikwa.

"Maman Godelive," Papa Donatien alisema, "sipendi maneno mingi. Parsele ikiitwa ya karuho, hakuna mutu atapanga tena. Onja haya maharagi, tumalize. Ukikataa, mwisho wa mwezi unatoka."

Godelive aliniangalia mimi.

"Haukuyakula?"

"Sikuyakula."

"Siku mbili, Maman Tatiana? Sahani ya bantu tatu!"

"Ah, analilia maharagi!" Maman Aganze alipiga makofi. "Onja, maman. Ao leo pia hauwezi?"

"Leo pia siwezi."

"Munasikia? Leo pia!"

Watu walianza kusema wote mara moja. Papa Donatien akainua mkono, akamwambia aeleze. Godelive alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye miguu yake:

"Ni Karema. Merkredi na vendredi niko nafunga, sitii kitu mu kinywa mpaka jua lishuke. Ni juu ya mutoto yangu Steve. Alienda Shabunda kutafuta zahabu, ni miezi munane sina habari yake. Na padri alitufundisha, mutu akifunga asitangaze. Ndiyo maana sikusema."

Mimi ninasali kwa Waprotestanti, siku za Karema, mfungo wa Wakatoliki wa kabla ya Pasaka, sizihesabu. Lakini nilikumbuka kwamba merkredi ile sikumuona akila kitu mpaka jioni. Nilikuwa nimeona, nikafikiri ni hila nyingine.

"Na vile vifurushi?" Maman Aganze hakuchoka.

Godelive aliingia, akavileta, akafungua kimoja baada ya kingine juu ya mkono wa Papa Donatien. Majani ya kitunguu yaliyokaushwa. Mboga ya lengalenga iliyokaushwa. Vichwa vya sambaza, samaki wadogo, vilivyokaangwa vikasagwa, vya kutia ladha. Vitu ambavyo mimi ninatupa kila siku.

"Ni sawa," Papa Donatien alisema, "lakini bantu wanataka kuona. Mungu atasamehe kijiko kimoja."

Godelive akajifanyia ishara ya msalaba, akachukua kijiko, akaondoa sahani. Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona povu dogo dogo pembeni mwa bakuli, na harufu ilinifikia. Siku mbili karibu na mbabula yangu, bila kuchemshwa hata mara moja. Kama angeyala yale, jioni angekuwa anaharisha, na kesho yake kila kinywa kingesema: sumu yake imemrudia. Asingefika hata mwisho wa mwezi.

Kijiko kilikuwa kimeshainuka.

"Acha!" nilisema. "Papa Donatien, yamechacha. Ni mimi niliyaweka pale siku mbili. Yatamuumiza mutu yeyote."

"Sasa unamuhurumia?" Maman Aganze alinigeukia. "Ni wewe ulikuja kwangu na habari!"

"Kwangu kumebaki yale ingine," Godelive alisema. "Nimechemsha asubuhi hii. Ni ya kesho."

Alileta sufuria, bado inatoa moshi. Maman Aganze akaweka mikono kiunoni. "Na nani anajua kama ni ya sufuria ile ile? Anaweza kuwa amepika mengine mazuri."

Neno lile lilikuwa na nguvu. Mimi peke yangu nilikuwa na jibu, na nilikuwa na haya kulisema.

"Ni ile ile. Alipika mardi saa nane. Tangu hapo hajaweka maharagi mengine motoni. Merkredi amechemsha mara mbili, jeudi mara mbili, leo mara moja."

"Unajua namna gani?"

"Niko namuangalia."

Ua wote ulicheka, hata Papa Donatien. Godelive hakucheka. Alikula vijiko vitatu, polepole, mbele ya wote, halafu akafuta kijiko na kikwembe chake, akaninyoshea mimi.

"Na wewe."

Nilikula. Yalikuwa mazuri. Papa Donatien akasema Godelive anabaki na chumba chake, na anayetaka kusema neno aje alisemee kwake. Watu wakatawanyika. Godelive akakwangua yale yaliyochacha ndani ya shimo la taka, akiyaangalia yanavyoanguka.

Mchana ule wote nilisikiliza tumbo langu. Usiku pia. Halikusema kitu.

Posho asubuhi nilimkuta anapuliza makala, nikamsogelea.

"Maman Godelive, ukipika tena mingi, uniletee."

"Na kama ni siku ya kufunga?"

"Utaniambia, nitaelewa."

"Sitakuambia," alisema, bila kuinua kichwa. "Kufunga kwangu ni kwangu na Mungu. Nitaleta bakuli. Utakula ao hautakula."

Leo ni mardi nyingine, Pasaka bado wiki mbili. Ninajua maharagi yake yako motoni tangu saa nane, na watoto wangu wana njaa, na bado sijajua nitafanya nini akibisha.