Mkate wa Kiapo wa Mkaza Mjomba

Nilipokuwa mtoto wa kutumwatumwa pale Munje, miaka ya hamsini, kisa hiki nilikiona chote kwa haya macho mawili. Ukimsikia mtu anakisimulia bila kunitaja, jua hakuwapo.

Bangili ya fedha ya Bibi ilipotea. Akashukiwa mkaza mjomba wangu, Mwanamkasi, msichana wa Kikoneni aliyeolewa kwetu hata mwaka haujatimia. Mjomba Juma akaambiwa na Bibi, mamake: ikithibitika, mrudishe kwao. Akaletwa mganga na mkate wa kiapo. Sote tuliamini mkate ule humkwama mwizi kooni, na asiye na kosa humshuka kama uji.

Tukaketi uani, saa nane mchana, tukala mmoja mmoja. Mimi nilimeza haraka hata mganga akanitazama mara mbili. Zamu ya Mwanamkasi ilipofika, akainamisha kichwa.

"Sitakula."

"Waogopa nini, mwanangu?" mganga akauliza.

"Siogopi. Leo siwezi."

"Kesho atakuwa ameshaiuza!" Bibi akadakia. "Juma, wataka ushahidi gani tena?"

Mjomba akaingia ndani kumkunjia mkewe nguo.

Ndipo niliposimama, kifua mbele: "Amefunga huyo! Asubuhi nimempelekea uji, akaniambia analipa saumu ya Ramadhani!"

Wanawake ndio walioelewa kwanza, wakajifunika nyuso kwa kanga. Siku ambazo mwanamke huzikosa Ramadhani hazitajwi mbele ya wakwe wanaume. Alikuwa radhi afukuzwe kuliko kuzitaja.

Mganga akakohoa. "Basi, tungoje magharibi."

Adhana ilipolia, Mwanamkasi alifungua kwa maji, akaumaliza mkate wote, kisha akauliza kama kuna mwingine. Ua mzima ukacheka, Bibi peke yake hakucheka. Siku ya tatu bangili ikaonekana, imefungwa penye pindo la kanga ya Bibi mwenyewe. Alimwomba mkwewe radhi, akamvisha ile bangili kwa mikono yake.

Nimekisimulia mara nyingi kisa hiki, na kila mara nasimama kifua mbele. Hapo nimetunga. Aliyesema ni Mwanasha, jirani yetu, ambaye naye alikuwa ameambiwa. Uji nilimpelekea kweli, na jibu lake nililisikia vizuri. Lakini alipoukataa mkate, mimi niliyejua kuwa amefunga niliamini ni mwizi, kama walivyoamini wengine. Alhamdulillahi, siku ile hakuwa akinitegemea mimi peke yangu.