Bi Chanzo na Saa Iliyokufa

Mimi nafundisha hesabu, na ukuta wa darasa langu ndio ukuta wa darasa la Bi Chanzo. Kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila neno linalosemwa upande wa pili, nitake nisitake. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya walimu, lakini hata mwalimu mkuu hulisahau. Wanafunzi ndio waliompachika hilo la Chanzo, kwa sababu ya swali lake moja: "Chanzo chako nini?" Ukimwambia kesho kuna mvua, atakuuliza. Ukimwambia chai imekwisha, atakuuliza, kisha ataenda kufunua birika mwenyewe. Mumewe aliwahi kuniambia kwamba siku ya kumposa alitakiwa ataje mashahidi wawili. Nadhani alikuwa anapiga chuku, ila siwezi kuapa.

Anafundisha lugha na historia kwa pamoja, vipindi viwili vilivyounganishwa, kwa watoto wa miaka kumi na miwili. Hawanakili chochote ubaoni. Wanaleta vitu kutoka nyumbani, kufuli lisilo na ufunguo, picha ya harusi ya shangazi, cheti kilichokunjwa mara nane, kisha wanawahoji wenye vitu na kuandika. Sentensi ikipinda, wanaandika upya. Wakitia chumvi, wanaandika upya mara mbili.

Mwaka huu wazazi wakaanza kunung'unika. Mwalimu mkuu ni mtu wa amani, hapendi kelele. Akaamua kwamba siku ya kuwatambulishia wazazi somo hilo, wao wenyewe watanyoosha mikono. Wakilikataa, vipindi vitatenganishwa na Bi Chanzo atahamishiwa stoo ya vitabu mpaka astaafu. Nilikuwepo alipoambiwa. Alivua miwani yake, ile iliyofungwa kamba ya kiatu, akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Niliumia sana, maana bila yeye ukuta ule ungebaki tofali tupu.

Asubuhi ya siku yenyewe akanijia mlangoni.

"Kaka, nina kazi yako leo. Usiniulize maswali."

"Kuuliza ni kwako peke yako?"

"Ndiyo."

Ilipotimu saa tisa alasiri, wazazi ishirini na wanane walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia videvu. Mwalimu mkuu alikaa pembeni na faili lake. Mimi nilijibanza nje ya mlango nikisubiri zamu yangu. Dawati la mbele lilikuwa na fundi cherehani wa barabara ya nyuma ya shule, utepe wa kupimia ungali shingoni, na hakungoja hata salamu ziishe.

"Mwalimu, kwa heshima zote, daftari la binti yangu halina nukuu hata ukurasa mmoja. Akirudi nyumbani kazi yake ni kunihoji. Baba, nani alikufundisha kushona? Mwaka gani? Umejuaje? Mimi nampeleka shule arudi na majibu, siyo arudi kunitoa jasho!"

Wazazi walicheka, na wengi wakapiga makofi. Mimi kule nje nilijisemea, kwisha habari yake.

Lakini Bi Chanzo alikohoa mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara yangu. Nikausukuma mlango bila kubisha, nikafoka, "Hii saa ni ya darasa langu!" Nikaitungua saa ya ukutani, nikaitia kwapani, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Ndivyo tulivyopanga. Hatukupanga nipige teke ndoo ya maji ya kufutia ubao, wala mama mmoja nesi anirushie mkoba. Ulinipata mgongoni, na sijui alikuwa amebeba mawe.

Nikazunguka hadi dirishani kuchungulia. Watu wameduwaa. Bi Chanzo anagawa karatasi taratibu, kama kila siku huibiwa saa.

"Wazazi wangu, andikeni mlichokiona. Mistari mitano, bila kuulizana. Na wewe pia, mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu hakuwa ameambiwa lolote. Nilimwona anaweka kando barua ya onyo aliyokuwa ameshaanza kuniandikia.

"Miwani nimeisahau," fundi akasema.

"Basi andika ulichokiona bila miwani."

Aliigeuza penseli vidoleni muda mrefu, kisha akainama.

Kusoma kulianza kwa nesi. Kwa maelezo yake, nilikuwa jitu refu, nimevaa koti na nimelewa. Sina koti, na kwa urefu mke wangu ananizidi. Kisha mwalimu mkuu akasimama, akasoma kwa sauti ile ya matangazo. "Mnamo saa nane na dakika kumi mchana, walimu wawili waliingia darasani..."

"Wawili?" mtu akauliza. Wa pili alikuwa mwalimu wa michezo, aliyejipitia zake nje ya dirisha.

"Na saa nane mimi nilikuwa bado wodini!" nesi akadakia.

"Niliangalia saa ya ukutani," mwalimu mkuu akajitetea.

Ikafika zamu ya fundi. Sauti ya kulalamika ilikuwa imemkauka. Alisoma neno moja moja, kidole chini ya mstari.

"Mtu mmoja. Shati la kijivu, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi, vingine uzi mweupe. Suruali, upindo wa mguu wa kulia umebanwa kwa stepla. Saa ameibeba kushoto. Saa yenyewe imekufa, mshale wa sekunde hautembei."

Nikaitwa ndani. Watu wote wakanikodolea kifua, na kweli, kifungo cha tatu. Nikanyoosha mguu, stepla hiyo hapo inameta. Saa nayo ilikuwa imesimama kwenye saa nane na dakika kumi tangu mwaka jana. Darasa lilivunjika mbavu, na mwalimu mkuu, namsifu kwa hilo, alicheka kuliko wote.

Bi Chanzo alingoja watulie.

"Sote tulikuwa chumba kimoja, dakika moja, na hatukubaliani. Sasa fikirini jambo la miaka mia iliyopita. Ndiyo maana watoto wenu nawafundisha kuuliza kabla ya kuamini, na kuandika bila chumvi. Leo aliyeandika vizuri kutuzidi ni fundi."

Fundi alitazama mezani. "Mwalimu, mimi niliishia la tano. Mtoto akinihoji, naona kama ananipima. Naogopa atagundua baba yake hajui kitu."

"Anakuhoji kwa sababu unajua. Hayo anayokuuliza sina kitabu chake."

Mwalimu mkuu akaomba wanaolikataa somo wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ukawa wa fundi.

"Naomba kuuliza tu," akasema. "Karatasi zetu zitasahihishwa?"

Hakuna mkono mwingine ulionyanyuka. Mwalimu mkuu alifunga faili, na Bi Chanzo akavua miwani. Safari hii alikuwa anafuta macho.

Alizisahihisha karatasi zote palepale kwa kalamu nyekundu. Kwenye ya fundi aliandika: "Vizuri sana. Chanzo chako nini?" Fundi akaazima kalamu ileile, akaandika chini yake: "Macho yangu." Akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati.

Nilikuwa namwaga maji ya viatu getini alipotoka. Binti yake alikuwa anamsubiri, mkoba mgongoni, uso umejaa wasiwasi. Baba akamwonyesha kibaraza.

"Kaa hapo, mwanangu. Uliniuliza nani alinifundisha kushona. Daftari unalo?"