Mkono wa Kushoto wa Baba

Maikrowevu yangu ikilia ting! moyo hunishtuka, hata kama ni ugali wa jana tu umepata moto. Taipureta ya baba ililia hivyohivyo kila mstari ulipokaribia kuisha. Kisha mkono wake wa kushoto ulisukuma kile chuma cha kurudisha mstari, krrr, akaendelea.

Baba alikuwa mpiga chapa wa kibarazani pale Makadara. Watu walimletea maneno yao, yeye akayapiga chapa: barua za kuomba kazi, viapo, malalamiko ya mashamba. Kwa taipureta hiyo tulikula, tukavaa, nami nikaenda shule. Basi ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la kompyuta, na wateja wa baba wakaanza kuvuka mmoja mmoja.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limepata kompyuta mbili kuukuu, vijana tukawa tunafundishwa kila Jumamosi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na, jamani, nilijiona! Kujua kuwasha lile dude tu kulitosha kunisahaulisha kwamba mimi ni binti wa mpiga chapa. Jumamosi moja baba akaja, amevaa suti yake ya pekee, akaniomba nimfundishe mbele ya wenzangu.

Akaketi. Vidole vikaanza kuruka juu ya vibonye bila yeye kuvitazama, darasa zima likageuka kumtazama. Mstari ulipofika mwisho, mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kutafuta chuma kisichokuwepo. Pa! Ukazaba kioo. Mstari wa pili, pa! tena.

"Cheki, mbuyu wako anazaba kompyuta makofi!" mwenzangu mmoja akaniambia, akimwonyesha baba kwa kidole. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikawashinda wote.

"Mkono umezoea, mama," baba akaniambia taratibu. "Nipe siku chache."

"Baba, hii si ya wazee."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akalishukuru darasa. Hakurudi tena.

Jumapili zilizofuata, tukitoka kanisani, alijifungia chumbani na taipureta yake. Nilisikia ting! lakini ile krrr haikufuata, ila vibonye vikigonga pale pale. Nikamshtakia mama kwamba baba anaharibu karatasi. "Mwache baba yako," mama akasema, wala hakunitazama. Mwaka haukwisha, kibaraza kikafungwa, na baba akaenda soko la Gikomba kusukuma mkokoteni kwa mikono ileile.

Tumemzika majuzi. Karatasi zile nimezikuta ndani ya sanduku la taipureta, zimekunjwa vizuri. Kila moja ina mstari mmoja tu, na kwenye ukingo wa kulia herufi zimepigwa juu ya herufi mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa akiufundisha mkono wa kushoto kutulia. Na karatasi ya mwisho kabisa ina mistari mitatu: mwisho wa kila mmoja ameandika kwa kalamu, "Hapa mkono haukuinuka."

Alikuwa tayari kurudi darasani. Alingoja tu nimwite.