Kichaka Cheupe cha Mama Nthati

Akina mama wa kanisa mmeniletea daftari na kalamu mbili, kana kwamba maneno yangu yatamaliza wino wa moja. Mnataka maisha ya Mama Nthati yaandikwe, kwa kuwa kila mwenzetu akifa anaandikwa, na kwa kuwa mimi ndiye wifi yake. Mbona hamkuniuliza habari zake alipokuwa hai? Ningewafukuza, ndiyo, lakini mngeuliza. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Herufi zangu zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Msinisahihishe. Na atakayesoma kwa sauti asiruke mahali pabaya, maana mimi sikuparuka.

Alikuja kwetu kama bibi arusi wa mdogo wangu Pheko, ambaye wakati huo alikuwa anachimba dhahabu kule ng'ambo ya mto. Siku alipochinjiwa kondoo, kama ilivyo desturi yetu, alipewa jina la mtoto ambaye angemzaa. Wazee walikuwa na jina lao. Mimi, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile, nikasema hapana: ataitwa Mama Nthati, ili binti yake abebe jina la mama yangu marehemu. Nilishikilia mpaka wakachoka, wakataka nyama yao. Basi jina lile nilimvika mimi. Anzeni kuandika hapo.

Hakuja na vitu vingi. Alikuwa na blanketi, beseni la bluu, na soksi ndefu iliyoloa maji, ndani yake kijiti. Mama yake alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa kizungu kule Ficksburg, mji wa ng'ambo ya mto, na kijiti kilitoka kwenye bustani ya huyo bibi.

Nikamuuliza, "Ulimwomba?"

"Nimwombe, wifi? Si ningekuwa nimekuletea kuni!"

Nikacheka, ingawa sikupenda anione nikicheka. Nyinyi nyote mnajua mambo yetu: kipando cha kuombwa kinakufa, kipando cha kuibwa kinashika. Na wizi wenyewe una adabu yake. Unafika kwenye uzio wa mwenzako, unakohoa. Mwenye bustani akisikia kikohozi anakugeuzia mgongo, anaangalia mlima, haangalii nyuma mpaka asikie miguu yako ikiondoka. Husemi asante, naye hasemi karibu.

Kijiti kile kikawa kichaka. Mwezi wa Agosti mipichi ya kijiji kizima inakuwa ya waridi, kila mtu anayo, haina cha kujivunia. Lakini Septemba, mipichi ikishamwaga maua, kichaka cha Mama Nthati kilikuwa kinalipuka kwa weupe, maua madogo madogo yameshikana mpaka huoni jani, matawi yameinama kama mtu aliyebeba unga kichwani ukamwagikia mabegani. Alikinywesha maji ya kuoshea vyombo kwa lile beseni la bluu. Wanawake wakaanza kukohoa. Mama Lipuo, wewe ulikohoa mara tatu katika wiki moja, nikamsikia Mama Nthati anawaambia kuku wake kwa sauti kubwa: "Nyinyi kuku! Mtu akiwa na kifua kibovu namna hii si anywe dawa, aache kuja hapa?" Na bado alikugeuzia mgongo. Kila nyumba kijijini ikapata kichaka chake, isipokuwa yangu.

Mimi niliolewa nyumba ya pili tu kutoka nyumbani kwetu, kati yangu na wifi uzio wa mishubiri wenye mwanya wa kupitia. Ningeweza kuiba wakati wowote, ila sikutaka. Nilikuwa namngoja azae kwanza, na mtu haendi kumwibia anayemdai mtoto.

Mtoto hakuja. Mwaka wa pili, wa tatu, wa tano. Pheko alikuwa anarudi Krismasi na Pasaka, anaondoka tena, hakuna kitu. Na jina lilikuwa linatembea mbele yake kila mahali. Wageni wasiojua walikuwa wanamsalimu dukani, "Hujambo Mama Nthati? Nthati naye hajambo?" Nilimsikia mwenyewe akijibu, anatabasamu, "Hajambo. Amelala."

Mwaka wa tisa mimi nikapata mtoto wa sita, msichana. Mama Nthati alipita kwenye mwanya na uji wa mtama wa kuchacha, vile mzazi anavyopenda, akaweka bakuli chini, akapiga magoti. Viganja vyote viwili alivifungua mbele yangu.

"Wifi, mpe jina la Nthati. Mimi nikiitwa nikaitika, awepo mtu."

"Jina hilo lina tumbo lake. Si langu."

"Tumbo langu limenyamaza, wifi."

"Basi na jina linyamaze humo humo."

Nilisema hivyo. Msiruke. Yeye akachukua bakuli, akakumbuka uji bado umo, akaliweka tena chini, akaondoka. Mtoto nikamwita Puleng, yaani mvuani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo.

Puleng alipoanza kutembea, akawa anapitia mwanya kila siku. Nilikuwa na mashamba na watoto wengine, nikashukuru kimoyomoyo, sikusema. Alikuwa anarudi na petali nyeupe kwenye nywele na tumbo limejaa viazi. Alikuwa na miaka minne siku niliyosimama kwangu napepeta mtama, nikasikia upande wa pili Mama Nthati anaita:

"Nthati! Nthati we! Acha kumvuta kuku mkia!"

Na mtoto wangu akaitika, "Abee, mama!"

Ungo niliuacha pale pale. Kulikuwa na wanawake watatu bustanini kwake, na mimi nilifurahi kuwa wapo.

"Mwizi!" nikamwambia. "Umeshindwa kuzaa, sasa unaiba!"

Alikuwa ameshika beseni. Hakuliangusha. Akasema polepole, "Nilikuomba, wifi. Cha kuombwa hakikushika."

"Huyu ni kijiti? Mwanangu ni kijiti cha kutia kwenye soksi?"

"Si kijiti. Lakini anaitika."

Nikamvuta Puleng mkono mpaka kwangu, analia. Jioni ile nikaziba mwanya kwa mishubiri mipya na miiba. Miaka ishirini na mitano hatukusemezana. Kanisani alikuwa anakaa kushoto, mimi kulia. Pheko alipozikwa nilipika na nikafua, lakini neno sikumpa. Yeye alichofanya ni kung'oa shina la kile kichaka mlangoni kwake na kulipanda pale pale nilipoziba, upande wake. Kila Septemba matawi meupe yalikuwa yanapanda juu ya mishubiri na kuning'inia kwangu. Nilidhani ananitambia. Nikayakata kwa panga, mwaka ule na mwaka uliofuata, nikawapa mbuzi.

Puleng akakua, akaenda Maseru kushona suruali kiwandani. Akarudi akiwa na miaka ishirini na tisa, mwepesi kama fito, kifua kimekwisha. Zahanati wakanipa vidonge na wakaniangalia kwa huruma, nikajua. Ilikuwa Septemba. Kutoka kitandani alikuwa anaona dirishani ule weupe juu ya uzio.

"Mama," akaniambia, "niitie Mama Nthati."

"Wa nini? Mimi nipo."

"Upo, mama. Lakini yeye ana jina langu jingine. Nataka nilisikie."

"Kesho."

"Kesho ni mbali, mama."

Basi nikatoka. Mnaonijua mnajua ilinigharimu nini. Nilifika kwenye uzio, nikamwona kupitia katikati ya mishubiri, amevaa blanketi lake la kahawia, anapalilia. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Nikafungua mdomo nimwite, na jina halikutoka. Ningemwitaje? Mama Nthati? Jina nililomvika mimi, nikamnyima mimi, nikamtukania mimi, sasa nilitoe mdomoni nimwombe nalo? Nikakohoa, ili ageuke tu anione.

Akasikia. Mgongo ukanyooka. Jembe likabaki hewani. Halafu taratibu akanigeuzia mgongo kabisa, akaangalia mlima.

Nikangoja. Nikakohoa tena. Hakugeuka.

Nikasema moyoni, sawa. Miaka ishirini na mitano, nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu, na unanipa mgongo. Nikarudi ndani.

"Anakuja?" Puleng akauliza.

"Amekataa."

Aligeukia dirisha. Kabla jua halijafika kwenye mlima alikuwa ameshakata roho, na nilimwita Puleng, Puleng, mpaka sauti ikaisha. Jina lile jingine sikulitamka, hata wakati huo.

Siku ya maziko Mama Nthati alisimama nyuma ya watu wote. Akaosha masufuria hadi la mwisho, akaenda zake. Wiki mbili baadaye nikaenda kaburini, nikakuta kipando kidogo kwenye udongo mpya, kina maua meupe manne na udongo umeloa. Nikakijua. Nikauona tena ule mgongo alionipa uzioni. Nikakishika kwa mikono miwili, nikaking'oa na mizizi yake, nikakibeba njia nzima mpaka nyumbani, nikakirusha juu ya mishubiri kikaangukia kwake. Hakulalamika. Septemba iliyofuata kulikuwa na kingine. Nikang'oa, nikarusha. Na ya tatu vilevile. Hiyo ilikuwa miaka ya ukame, mito imebaki mawe, na sikujiuliza anatoa wapi maji ya kunywesha kaburi la mtu.

Julai mwaka huu, kwenye baridi ile ya theluji ya huku kwetu milimani, Mama Nthati amekufa. Walimkuta ameketi karibu na moto uliozimika, beseni miguuni. Nilikaa matanga, macho makavu, mkasema moyo wangu ni jiwe. Nilisikia.

Septemba ikafika. Nikaamka, nikafunga blanketi, nikaenda kaburini kung'oa.

Hapakuwa na cha kung'oa.

Nilikaa pale mpaka mchana, kama mtu anayengoja mgeni aliyechelewa. Wewe Mama Lipuo ulinikuta ulipopita na kuni zako, ukakaa. Ukaniambia neno ambalo ulidhani ninalijua.

"Alikupenda sana yule," ukasema. "Nakumbuka siku ile ile Puleng alipokufa, kabla hatujasikia habari, alikuja kwangu anacheka peke yake. Akaniambia, 'Leo wifi amekuja kuiba! Kwa miaka yote, leo amekuja! Amekohoa mara mbili. Nikampa mgongo muda mrefu, Mama Lipuo, nikahesabu mawe yote ya mlimani, asije akaona haya.' Jioni akaenda kuangalia, hakuna tawi lililokatwa. Akasema, labda kisu chake kilikuwa butu. Baada ya maziko akasema, 'Basi nitampelekea mwenyewe, kaburini kwa mtoto, pale ambapo hawezi kukataa.'"

Sikukujibu siku ile. Jibu ndilo hili.

Nilienda kwake nikaukata ule uzio kwa panga. Kile kichaka kikubwa kimekauka, fito tupu. Kila mwaka alikuwa anakipasua mizizi amtolee mwanangu kipande, na maji hakuna. Chini yake, ndani ya uzio, karibu kabisa na upande wangu, palikuwa na makopo matatu ya mafuta yamepangwa mstari. Vile vitatu nilivyovirusha. Alivipanda tena vyote, akavisogeza pale ambapo mkono wangu ungefika. Vilikufa Julai pamoja naye. Nimevimwagilia maji ya vyombo kwa beseni la bluu wiki tano mfululizo. Ni kuni.

Msalaba wa mwanangu nimeuchora kwa msumari, chini ya Puleng nimeongeza Nthati. Herufi zimepinda. Nimesimama pale nikaliita kwa sauti, na hakuna aliyeitika, si mtoto si mama.

Sasa ni zamu yenu. Nyote mliomwibia, mnavyo vichaka vyake, navijua kimoja kimoja. Mama Lipuo, chako kipo nyuma ya choo, nani ataingia huko? Kihamishe. Mvua za Oktoba zikinyesha, kila mmoja apande kipande karibu na njia, mahali ambapo mwanamke mzee anafika bila kuinama sana. Nataka viwili, kimoja cha wifi yangu aliyeko juu makaburini na kimoja cha mwanangu. Mtu asiniletee mkononi, nitamrushia usoni. Mbwa wafungeni. Mkisikia nakohoa, geukeni muangalie mlima, na msigeuke nyuma hata nikikawia, hata mkisikia ninalia.