Nilimjibia Mama Vidole

Jicho la kushoto la mama yangu limekufa, na mimi nilisaidia kuliua. Sijamwambia mtu. Wewe unayesoma, nisikilize tu.

Ilikuwa wakati wa Corona. Mtaa wetu wa Kamalondo ulinyamaza, baa zikafungwa, na kila gari la wagonjwa lililopita liliuacha mtaa mzima umebana pumzi. Mama, mshonaji wa nguo, alianza kuona pazia jeusi likishuka katika jicho lile. Jicho halikumuuma. Halikuwa jekundu. Daktari wa macho alikuwa akiwapima watu kwa video, na wenye hali mbaya tu ndio aliowaita hospitali.

Mama akanishika mkono.

"Asiniite, mwanangu. Bantu banaingia kule, habatoki. Batanizika bila kilio, bila hata wimbo. Njo kufa gani ile, kama ya imbwa?"

Kwetu marehemu hulala akiimbiwa, moto ukiwaka uani. Mwaka ule wafu walizikwa na watu wasiowajua. Nikakubali kumsaidia kumficha daktari.

Mkono mmoja ulishika simu. Mwingine niliuweka mgongoni kwake, mahali kamera haikufika.

"Maman, funika jicho ya kuume," daktari akasema. "Iko vidole ngapi hapa?"

Mama hakuona kitu. Nikamgonga mara tatu kwa kidole.

"Tatu, docteur. Unazani niko kizee?"

Daktari akacheka. "Bon. Na sasa?"

Nikamgonga tena.

"Mbili."

"Très bien, maman. Bakia nyumba. Kama inaanza kuwa giza, unipigie."

Siku ile tulikula bukari, ugali wetu, tukicheka, Mungu anisamehe. Kumbe ndani ya jicho utando ulikuwa ukibanduka polepole, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Tulipokwenda hospitali hatimaye, hapakubaki cha kuokoa. Daktari akauliza kwa sauti ndogo:

"Ningejua hauone, ningekuita siku ile ile. Vidole uliviona kweli, maman?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Niliviona, docteur. Bien bien."

Hajanilaumu hata mara moja. Ndiyo adhabu yangu.

Jana aliniambia kwamba jicho la kulia nalo limeanza kuona vumbi linaloelea. Nakuandikia tukiwa kwenye benchi, tukingojea mlango wa daktari ufunguliwe. Mama ametazama ukuta.

Ndugu yangu, ukikaa kando ya mgonjwa mbele ya simu, fumba mdomo, na mikono uiweke mbali. Mwache ashindwe kujibu. Daktari anahitaji kumwona akishindwa.