Sawadi sa Mama Mkwe

Binti yangu alipokaribia kuolewa tulimfanyia kicheni pati hapa Katesh, katika ukumbi ulio jirani na soko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kwa hiyo mtu angedhani kwamba mchezo wa maneno ndiyo sehemu ambayo ningeifurahia kuliko zote. Mpaka leo nikiona mchezo ule unaanza kwenye sherehe ya mtu, nainuka na kwenda kusaidia jikoni.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Umeme ulikatika wakati wa kujaribu spika. Mpambaji alichelewa, akafika na vitambaa vya rangi ambayo hatukukubaliana. Wanawake wa upande wa bwana harusi, waliotoka Arusha, walifika sisi bado tunafuta viti. Walikaa wakatutazama tukifuta.

Upande wetu mkubwa alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Alikuja kwa basi kutoka Bashay, kule kwetu Mbulu, na mfuko wa vitunguu saumu na kuku wawili waliofungwa miguu. Alisoma mpaka darasa la nne, na kitabu cha nyimbo cha kanisani anakisoma bila miwani. Lugha yake ni Kiiraqw, lakini Kiswahili anakisema haraka na kwa furaha, ila kwa sauti za nyumbani. Lugha yetu haina z wala v. Kwa shangazi, vitu ni fitu, kazi ni kasi, na jambo likienda vizuri linakwenda fisuri.

Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipofika chuo cha ualimu nilisema "fisuri" mbele ya darasa, na tangu siku hiyo hadi tunahitimu, hilo likawa jina langu. Nilijifundisha z peke yangu, nikiwa nafua nguo nyuma ya bweni, nikinguruma kama nyuki.

Mshereheshaji alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru. Baada ya chakula aliagiza ukumbi ugawanyike pande mbili, upande wa binti na upande wa bwana, kisha akaeleza mchezo. Alikuwa na kadi zilizoandikwa kwa makosa ya makusudi. Ukiitazama kadi huelewi kitu. Ukiisoma kwa sauti, haraka haraka, masikio ya wenzako yanashika kilichofichwa. Upande unaowahi kutambua unapata pointi.

Alisema mchezo huo ulitoka kwenye Kiingereza, na huko kweli unafaa, maana herufi zao na sauti zao hazipatani. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, mahali pa kuficha kosa ni pachache. Kwa hiyo yeye alikuwa ameyakata maneno pasipopaswa na kuyaunganisha pasipopaswa. Kadi ya kwanza ilisema:

SUFU RIA NASA HANI

Msichana wa upande wao aliisoma mara ya kwanza kama anayeita watu majina. Ya pili akaongeza mwendo, na ukumbi mzima ukalia, "Sufuria na sahani!"

Ikaja CHAIYA MAZIWAMO TO. Ikaja MUMEWA NGUNI WAPE KEYANGU, na hapo wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, maana jirani yangu mmoja aliisoma polepole kama anayesoma tangazo la mnada. Hata mimi nilicheka. Shangazi alikuwa amesimama muda wote. Kila jibu likipatikana alipiga kigelegele, hata likiwa la wapinzani.

Kisha mshereheshaji akagawa kadi tupu na kalamu. "Sasa kila upande uandike ya kwake, muwape wenzenu wasome. Mkosee mnavyotaka!"

Dada wa bwana harusi ndiye aliyeshika kalamu upande wa pili. Ni msichana mchangamfu, anayeongea na kila mtu. Tangu asubuhi alikuwa amekaa karibu na shangazi, wakizungumza, na nilikuwa nimefurahi kuwaona hivyo. Aliandika, akawaonyesha wenzake, wakafunika midomo. Mmoja akatoa simu na kuiweka tayari kurekodi.

"Tunaomba asome bibi," alisema.

Shangazi aliipokea kadi kwa mikono miwili. Nilikuwa nyuma yake, nikaiona kabla hajafungua mdomo.

SAWADI SA MAMA MKWE NI FYOMBO FYA NDANI

Shangazi aliisoma mara moja tu, bila kusita, kama anayesoma ubeti wa wimbo anaoujua. Kisha akaigeuza kutazama nyuma. Akamtazama mshereheshaji.

"Mbona hii imeandikwa sawasawa?" aliuliza. "Makosa yako wapi?"

Upande wetu ukalipuka kwa vigelegele, kwa sababu wengi wetu tulisikia tu kwamba zawadi za mama mkwe ni vyombo vya ndani, na pointi ni yetu. Upande wa pili walikuwa wanacheka kicheko kingine. Msichana wa simu alikuwa anatetemeka hata mkono haukutulia. Mshereheshaji naye alifuta macho kwa kanga na kusema, "Pointi kwa Mbulu! Bibi hakamatiki!"

Niliangalia kulia na kushoto nitafute mtu mmoja wa kwetu aliyeelewa, nikakuta wote wanacheza. Nikanyoosha mkono. Mshereheshaji hakuniona, nikaenda mwenyewe mbele nikachukua kadi na kalamu mezani kwake. Niliandika neno moja, TLAWI, ambalo ni jina la mahali kwetu Mbulu. Nikampelekea dada wa bwana harusi.

"Soma," nilimwambia.

Alijaribu. "Tulawi." Akajaribu tena. "Tilawi? Kilawi?" Wenzake wakasogea, kila mmoja akatoa lake. Sauti ile ya mwanzo inatoka pembeni mwa ulimi, na asiyezaliwa nayo huhangaika. Walikuwa wanafurahia kuhangaika huko, wanacheka wenyewe kwa wenyewe, wala hakuna aliyeona aibu. Hilo liliniudhi zaidi.

"Mwalimu," alisema mshereheshaji kwenye maiki, "hilo ni jina la mahali, tena siyo Kiswahili. Hakuna pointi."

"Na sawadi ni Kiswahili?" nilimjibu. "Fyombo ni Kiswahili? Nani kati yenu anasema fyombo?"

Nilisema kwa sauti ninayoitumia darasani watoto wanapopiga kelele. Mama wa bwana harusi aliinuka nusu kwenye kiti chake.

"Mkwe, samahani," alisema. "Ni mchezo tu, mama."

Binti yangu alikuwa ameketi mbele kwenye kiti kilichopambwa. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse kitu. Mshereheshaji akaashiria muziki. Nikarudi kukaa, kadi yangu mkononi, kwa kuwa hakuna aliyeihitaji tena.

Upande wetu ulishinda. Zawadi ilikuwa mabeseni ya plastiki, na shangazi aliliweka moja kichwani akalizungusha ukumbini akicheza, na dada wa bwana harusi nyuma yake akicheza vilevile.

Jioni nikiwa nyuma ya ukumbi, nasimamia masufuria ya pilau yanayokwanguliwa, binti yangu alikuja akiwa ameshika viatu.

"Mama, ulikuwa na lazima gani?"

"Walimfanyia bibi yako dhihaka, ukakaa kimya."

"Walimtania. Bibi mwenyewe alicheka."

"Alicheka kwa sababu hakujua."

"Mama, sisi hatumwigi bibi nyumbani? Baba hamwigi? Wewe mwenyewe si hucheka?"

"Nyumbani ni nyumbani."

"Basi na wao sasa ndio nyumbani kwangu," alisema. "Wewe utabaki hapa. Mimi ndiye naenda kukaa nao."

Akavaa viatu akarudi ndani kuaga wageni wake.

Shangazi alilala kwangu, mtaa wa Jorodom. Tulipofika nyumbani kulikuwa bado na mwanga kidogo. Akakaa sebuleni na mabeseni yake, akayapanga moja ndani ya jingine, akayapangua tena. Alinieleza mchezo wote upya kama vile sikuwepo. Alitaka kuwafundisha wanawake wa jumuiya yake. Alikwishatunga kadi moja ya kuhusu ng'ombe.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona kichwani mwangu amesimama mbele ya watu harusini, na simu zile zikiinuka tena.

"Shangazi, wale walikuwa wanakucheka."

"Tulikuwa tunacheka wote."

"Hapana. Walikuwa wanacheka unavyosema. Ile kadi waliandika unavyosema wewe."

"Nasemaje?"

"Unasema sawadi."

"Wewe unasemaje?"

"Zawadi."

"Ndiyo," alisema. "Sawadi."

Alidhani nimechanganyikiwa. Nikajaribu tena, nikivuta ile z kwa meno. Akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, akarudia: sawadi. Hakuisikia tofauti, na kadiri asivyoisikia ndivyo nilivyozidi kuing'ang'ania. Nikamwambia aweke vidole kooni. Nikaweka vyangu. Nikanguruma, nikamwambia angurume. Akatoa "sss" ndefu kama hewa inayotoka kwenye tairi. Nikaushika mkono wake nikauweka kwenye koo langu ahisi kinachotetemeka. Nikasema, sikia, hiyo ndiyo z. Akasema amehisi. Nikasema haya, wewe sasa. Ikatoka s.

Tulirudia na kurudia. Nilikuwa nasikia sauti yangu inapanda, nashindwa kuishusha. Mwishowe aliondoa mkono wake shingoni mwangu akaufuta kwenye kitenge.

"Watu wamenipa beseni," alisema kwa Kiiraqw. "Wewe umenipa aibu. Mimi naenda kulala."

Nilimwandalia maji ya kuoga, hakuyatumia. Asubuhi tuliagana vizuri, kwa heshima, na mabeseni nikamfungia kwa kamba ayabebe.

Harusi ilifungwa kanisani muda mfupi baadaye. Kwenye sherehe walimwita shangazi atoe neno la wakubwa upande wa binti. Kila mtu wa kwetu alijiweka sawa kwenye kiti, maana akishika maiki shangazi huwa haiachi. Anaanza na mababu, anapita kwa ng'ombe wa mahari, anashuka mpaka kwa majirani wote waliomlea mtoto, kila mmoja na alilofanya. Alisimama, akaishika maiki, akamtazama binti yangu muda mrefu.

"Asanteni," alisema. "Mungu awabariki."

Akakaa.

Watu walipiga makofi, wakidhani amechoka na safari. Mimi niliyarudia yale maneno kichwani, moja moja. Hakuna z. Hakuna v. Alikuwa ameyachagua.

Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Dada wa bwana harusi alipokuja kwenye meza yetu na kupiga goti kidogo, nilikuwa tayari kumwambia.

"Shikamoo mama. Mbona bibi leo hana raha? Nilikuwa nimemngoja."

"Ulimngoja umcheke?"

Uso wake ulibadilika. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, ile kadi nilikosea," alisema. "Nilidhani ni kama mimi na bibi yangu wa Moshi, tunaigana siku nzima. Nilimpenda bibi tangu asubuhi ile. Nimwombe msamaha?"

Nilitaka awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Nilimwambia hapana, amwache apumzike, akimwomba msamaha atakuwa anamkumbusha. Sikujua kama nilisema vile kwa ajili ya shangazi au kwa ajili yangu.

Baada ya mavuno nilikwenda Arusha kumwona binti yangu. Nilikuwa jikoni kwake nachambua mboga, nikasikia kutoka sebuleni sauti ninayoijua. Dada wa bwana alikuwa amekuja kutembea, na simu yake ilikuwa mezani, spika imewashwa. Shangazi alikuwa anazungumza kutoka Bashay. Alikuwa anaeleza habari za jirani aliyeuza ng'ombe kisha ng'ombe akarudi mwenyewe, na habari za mvua, na kwamba fitunguu saumu mwaka huu fimekauka fisuri, atatuma fingine na basi. Yule msichana alikuwa anacheka, anauliza maswali, naye shangazi anajibu bila kuvuta pumzi. Wakaingia kwenye mchezo. Shangazi alimtajia fumbo lake la ng'ombe, msichana akashindwa, shangazi akapiga kigelegele kwenye simu.

Nilisimama mlangoni na kisu mkononi. Binti yangu aliniona.

"Kumbe wanaongea?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kila wiki. Bibi ndiye anayepiga." Akageukia simu. "Bibi, mama yuko hapa, anataka kukusalimia."

Nikafuta mikono, nikasogea.

"Shikamoo shangazi."

Nilisikia kuku upande wake. Kisha akaitikia, na akaniuliza kwa Kiiraqw, taratibu na kwa adabu zote, kama Katesh kumenyesha.

Nilimjibu kwa Kiiraqw kwamba kumenyesha. Akasema ni vyema. Hakuongeza neno, nikarudi kwenye mboga zangu. Nikiwa huko nilisikia Kiswahili chake kikianza tena.